Mlolongo wa 1988 na hizi picha za karatasi za kura

Wanangu hawaamini kwamba nchi hii iliwahi kuchagua wabunge kwa kupanga watu mstari uwanjani. Nawaambia hapakuwa na karatasi wala kalamu wala sanduku. Ulisimama nyuma ya picha ya unayemtaka, ukahesabiwa, ukaenda zako. Wanauliza, na kama hukutaka watu wajue? Hilo ndilo swali lenyewe, na ndilo limenifanya nikae niandike, maana naona mambo yanaanza kurudi kwa mlango mwingine, huu wa watu kutumiana picha za karatasi zao za kura kwa simu, na walioyaona ya kwanza tunazidi kupungua.

Mwaka 1988 nilikuwa mke mpya wa miaka 21, na mtoto mgongoni, katika kijiji cha pwani ya Kenya, ndani kidogo kutoka baharini, kwenye minazi na mikorosho. Jimbo letu sitalitaja. Wengi waliohusika wako hai, na wajukuu zao wanasoma na wajukuu wa ndugu zangu.

Kwanza niwaeleze vijana hali ilivyokuwa, maana shuleni mnapewa tarehe tu. KPU, chama cha upinzani cha Jaramogi Oginga Odinga, ilipigwa marufuku mwaka 1969, na tangu hapo kilichobaki kilikuwa chama tawala, KANU, peke yake. Juni 1982 Bunge likaliandika jambo hilo ndani ya katiba, kifungu cha 2A, kwamba chama ni kimoja. Rais hakuwahi kupata mpinzani: Mzee Kenyatta alipita bila kupingwa, na Moi akapita vivyo hivyo 1979, 1983 na 1988. Lakini msidhani kwamba ubunge nao ulikuwa wa kupewa tu. Ndani ya chama hicho kimoja watu walishindana kwelikweli. Mjumbe, yaani mbunge, aliyesahau kwao alirudishwa nyumbani, na mawaziri walianguka uchaguzi hadi uchaguzi. Kura za wabunge zilikuwa za siri, na wananchi walijua kuitumia siri hiyo.

Nakumbuka uchaguzi wa Septemba 1983 nikiwa bado kwa baba yangu. Baba, mama, mjomba na kaka yangu mkubwa walikwenda pamoja asubuhi, wakarudi pamoja, wakala ugali na mchicha kwenye sinia moja. Mjomba alikuwa mtu wa mjumbe wa zamani, hilo lilijulikana. Baba hakuwahi kusema alimpa nani. Mama alimuuliza usiku, baba akamwambia, "Mama nanii, hiyo ni ya debeni, imebaki debeni." Mama hakukasirika. Naye alikuwa na yake.

Halafu mwaka 1986 chama kikaamua kwamba katika mchujo wa wagombea wanachama watapanga mlolongo. Waliotetea uamuzi huo walikuwa na maneno matamu. Walisema kupanga mstari ni uwazi, na kwamba wazee wetu walikuwa wakiamua mambo hadharani chini ya mti, hivyo kura ya kufichaficha ni ya kizungu. Na tena, wakasema, mstari hauibiki, kila mtu anauona.

Waliosimama kupinga mapema na kwa sauti walikuwa viongozi wa dini. Baraza la Makanisa, NCCK, lilisema wazi kwamba halikubaliani. Askofu Alexander Muge wa Eldoret, Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, Mchungaji Timothy Njoya, wote walisema, na walitukanwa majukwaani kwa kusema. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mchungaji ana waumini wa kila upande, atasimamaje nyuma ya picha ya mwanasiasa mmoja Jumatatu, halafu Jumapili asimame mbele ya watu wote? Serikali ikasikia kiasi. Ikasemwa kwamba viongozi wa dini, wanajeshi na maafisa wa serikali hawatalazimika kupanga mstari.

Hapo nataka tukae kidogo. Kama mstari haukuwa na madhara, kwa nini wengine wakasamehewa? Waliopanga jambo hili walijua vizuri kabisa kwamba kuonekana kuna gharama. Walimkinga mwenye cheo. Muuza mahamri hawakumkinga.

Na muuza mahamri ninayemsema ni mama mkwe wangu, Mungu amrehemu.

Yeye alikuwa akipika mahamri na mbaazi za nazi, akiuza kando ya barabara kuanzia alfajiri. Unga na sukari alikopa duka la mtu mmoja pale kijijini, akilipa mwisho wa wiki. Mwenye duka alikuwa jamaa wa karibu wa mjumbe tuliyekuwa naye. Mjumbe huyo nitamwita Mheshimiwa. Aliyempinga alikuwa mwalimu mkuu wa zamani aliyeacha kazi ili agombee, naye nitamwita Mwalimu. Alikuwapo na mgombea wa tatu, lakini huyo alipata watu wa ukoo wake tu, wakatimia mstari mfupi wa huzuni.

Majuma kabla ya siku yenyewe vijana wa KANU walikuwa wakisimama sokoni na kwenye stendi wakidai kadi ya chama. Bila kadi usingepanga mstari, na siku nyingine bila kadi hata sokoni ulipita kwa taabu. Mume wangu alikuwa kibarua bandarini Mombasa. Alituma ujumbe kwa dereva wa matatu kwamba wazee wa ukoo wamekaa na wameamua, sote tusimame na Mheshimiwa. Mama mkwe aliupokea ujumbe huo, akasema, "Haya, tumesikia," akaendelea kukanda unga.

Siku ilikuwa Jumatatu, tarehe 22 Februari 1988. Joto la kaskazi, jua kali tangu saa mbili asubuhi. Tulikwenda uwanja wa shule ya msingi. Langoni kulikuwa na mwembe mkubwa, na chini yake wamekaa chifu, wazee wa kijiji, mwenye duka na wanaume wengine wenye uzito wao. Hakuna aliyewaambia wakae pale, na hakuna aliyewaambia wasikae. Mmoja wa wazee alikuwa na daftari la shule, lile la kurasa 32, na kalamu sikioni.

Picha ya Mheshimiwa ilikuwa karibu na lango, imeshikwa juu ya mti na wakala wake, na mstari wake ulikwisha kuwa mrefu. Picha ya Mwalimu ilikuwa upande wa pili kabisa, karibu na goli la mpira. Kwenda kwa Mheshimiwa ulikuwa ukiingia tu, unajiunga. Kwenda kwa Mwalimu ulilazimika kuvuka uwanja mzima mtupu, jua utosini, na wote chini ya mwembe wanakutazama mgongo. Hatua hizo kutoka langoni hadi golini ndizo zilizokuwa kura yenyewe.

Tulionyesha kadi. Mama mkwe akajitanda leso yake vizuri, akashika njia ya golini. Hakuniambia kitu wala hakugeuka. Nami nikamfuata, maana mkamwana akienda na mama mkwe wake ana la kumjibu mumewe. Mtoto alikuwa analia. Nilisikia nyuma yangu mtu akisema jina la ukoo wetu taratibu, silabi kwa silabi, kama anayemsomea anayeandika.

Ile sababu yake nilikuja kuijua baadaye. Shemeji yangu wa mwisho alikuwa amefukuzwa ada, na Mwalimu, enzi zake za ukuu wa shule, alimruhusu akae darasani muhula mzima bila kulipa. Mama mkwe hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa na deni la heshima na akataka kulilipa. Angekuwa na karatasi na kijichumba cha pazia, angelilipa kimya kimya, akatoka, akapikia watu wote mahamri yao kesho yake.

Hesabu ilifanywa hivi. Lango lilipofungwa, karani alianza kupita mstarini akigusa kila mtu begani kwa ncha ya kalamu na kutaja namba kwa sauti. Nyuma yake walifuata mawakala nao wanahesabu. Aliyeguswa alichuchumaa, ili asihesabiwe mara mbili. Mstari wa Mwalimu ulikuwa unazunguka goli na kurudi. Wa Mheshimiwa ulikuwa mrefu pia, sitasema uongo, lakini wa Mwalimu ulikuwa mrefu zaidi na kila mwenye macho aliuona. Palikuwa na ubishi kuhusu kijana mmoja kama amefika umri, wakamtoa. Namba zikaandikwa, zikachukuliwa. Watu wakasimama, wakajipangusa vumbi magotini, wakaenda nyumbani.

Jioni redio, Sauti ya Kenya, ilikuwa ikisoma matokeo ya mchujo nchi nzima. La jimbo letu lilikuja usiku. Mheshimiwa alikuwa amepata zaidi ya asilimia 70.

Vijana hapa mnahitaji kuelewa maana ya hiyo asilimia 70, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kisu. Sheria ya chama ilikuwa kwamba anayepata zaidi ya asilimia 70 kwenye mlolongo amekwisha kuwa mbunge. Hakuna tena kura ya siri jimboni humo. Waliopungukiwa ndio walioendelea hadi uchaguzi wenyewe wa tarehe 21 Machi, wa karatasi na sanduku. Kwa hiyo ukitaka wananchi wasiikaribie karatasi kabisa, huhitaji kuiba uchaguzi. Unahitaji tu mlolongo utajwe kuwa umepita 70. Na waliopanga mlolongo walikuwa wenye kadi tu, tena waliothubutu kuja. Mkulima asiye na kadi wa jimbo letu hakuulizwa chochote mwaka ule, Februari wala Machi.

Na ungepinga vipi? Hapa ndipo pananiuma hadi leo. Sanduku la kura hata likichezewa, lina karatasi ndani. Unaweza kwenda mahakamani ukaomba lifunguliwe, karatasi zihesabiwe upya mbele ya jaji. Mstari ukishatawanyika umekwisha. Utaita watu wale wale warudi wachuchumae tena? Mawakala wa Mwalimu walikuwa na namba zao zimeandikwa kwenye karatasi za pakiti za sigara, wakazipeleka kwa wakubwa wa wilaya, wakaambiwa matokeo yamekwisha kutangazwa. Basi. Ushahidi wao ulikuwa sisi, nasi tulikuwa tumerudi kupika.

Halikuwa letu peke yetu. Nchi nzima msemo ulikuwa kwamba mstari mfupi umeshinda mrefu. Nairobi, Charles Rubia, mtu aliyewahi kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa jiji hilo, alipoteza kiti cha Starehe. Gazeti la Baraza la Makanisa lililoitwa Beyond lilichapisha habari za wizi huo, likapigwa marufuku mwezi Machi, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa. Kenneth Matiba alirudi bungeni na uwaziri, lakini mwishoni mwa mwaka huo huo, baada ya chaguzi za ndani za chama huko Murang'a, alijiuzulu Desemba 1988 kwa kuzipinga. Waziri wa Kenya kujiuzulu mwenyewe! Tulisikia redioni tukadhani tumesikia vibaya. Julai 1990 yeye na Rubia walitiwa kizuizini bila kushtakiwa, siku chache kabla ya Saba Saba, ule mkutano wa tarehe 7 Julai wa kudai vyama vingi.

Hayo ni ya wakubwa, na yameandikwa. Ya mama mkwe hayajaandikwa popote, kwa hiyo nayaandika mimi.

Kesho yake, Jumanne, alipika kama kawaida. Alirudi na nusu ya mahamri. Si kwamba watu walimchukia. Waliogopa kuonekana wakinunua kwake wakati mwenye duka amekaa barazani ng'ambo ya barabara. Wengine walituma watoto waingie kwa mlango wa nyuma. Alipokwenda kuchukua unga aliambiwa kwa upole sana kwamba siku hizi mkopo umesimamishwa, ila wenzake walikuwa wanapewa. Shemeji yangu alipotimiza umri wa kitambulisho, alihitaji barua ya chifu. Alikwenda, akaambiwa aje wiki ijayo. Wiki ijayo akaambiwa vivyo hivyo. Aliipata mwishowe kwa kumpitia mjomba wake aliyekuwa anajuana na karani wa tarafani, na wakati huo nafasi ya kazi aliyokuwa akiifuatia Mombasa ilikwisha kwenda kwa mwingine.

Mume wangu aliporudi mwisho wa mwezi walikaa na mama yake barazani. Sikuwa karibu, nilikuwa nachuja nazi, lakini nilisikia. Alimwambia, "Mama, umetuanika." Mama akamjibu, "Sikuwaanika mimi. Aliyetupanga juani ndiye aliyetuanika." Hawakurudia maneno hayo, lakini kwa muda mrefu mume wangu alikuwa akimpa salamu fupi. Na wazee wa ukoo hawakumwita tena kwenye vikao vya harusi mpaka tulipomwoza binti wa shemeji yake, naye akaitwa tu kwa sababu hapakuwa na mwingine anayejua kupika pilau ya watu wengi.

Wizi wa Mheshimiwa, kama ulikuwapo, ulimdhuru Mwalimu. Mstari wenyewe, hata ungehesabiwa kwa haki ya malaika, ulitudhuru sisi. Hata Mwalimu angetangazwa mshindi usiku ule, lile daftari la kurasa 32 lingekuwapo bado, na jina letu ndani yake. Ndiyo maana huwa sikubali mtu anaponiambia kwamba shida ya 1988 ilikuwa wizi tu, na kwamba mstari ukisimamiwa vizuri ni njia nzuri ya bei nafuu. Majirani zetu Uganda walipanga mistari Julai 2018 kuchagua wenyeviti wa vijiji, LC1, na nilisikia watu wazima hapa kwetu wakisifu. Walikuwa wametoka katika nyumba zilizokuwa na nguvu mwaka 1988. Hawakuwahi kuvuka uwanja.

Mwaka 1990 kelele zilizidi, KANU ikaunda kamati chini ya Makamu wa Rais George Saitoti izunguke kusikiliza wananchi. Watu walisema mengi ambayo hayakutarajiwa, na mlolongo ulikuwa mojawapo ya mambo waliyoyalalamikia zaidi. Desemba mwaka huo mkutano wa wajumbe wa chama ukaufuta, pamoja na ile asilimia 70. Mwaka uliofuata, Desemba 1991, kifungu cha 2A nacho kikaondoka, na tarehe 29 Desemba 1992 tukapiga kura ya vyama vingi. Hapo sina mengi ya kusema, yanajulikana. Ila nitasema kwamba mama mkwe alikaa foleni saa nyingi siku ile kwenye uwanja ule ule, akaingia nyuma ya kile kikatoni, akakaa ndani kwa muda mpaka karani akamwita. Alipotoka mume wangu akamuuliza kwa mzaha amempa nani. Akamwambia, "Mambo yangu."

Sasa niwaambie kilichonifanya niyafukue haya yote. Tarehe 9 Agosti 2022, mtoto wa kaka yangu alituma kwenye kundi letu la WhatsApp la familia picha ya karatasi yake ya kura ya urais, alama imewekwa, inasomeka vizuri. Kabla ya adhuhuri watatu wengine walikuwa wametuma zao. Wakaanza kumuuliza binamu yao ambaye hakutuma: "Vipi wewe, mbona kimya?" Yule binti hakujibu siku nzima. Usiku akatuma picha ya kidole chenye wino, basi.

Nilipolisoma lile "mbona kimya" nilisimama. Baadaye kijana mmoja wa jirani akaniambia bila kuona haya kwamba aliahidiwa pesa na mtu wa mgombea fulani wa udiwani, ila sharti arudi na picha ya karatasi. Hiyo ndiyo biashara mpya. Zamani mnunuzi wa kura alikuwa akinunua gizani, anakupa leso au kilo ya sukari, nawe unaingia ndani na kumpa unayemtaka. Simu imemletea risiti.

Katiba ya 2010, ibara ya 81, inasema uchaguzi uwe kwa kura ya siri. Watu wengi wanalisoma hilo kama ruhusa, kwamba ukitaka kuficha unaweza. Mimi nalisoma kama wajibu wa sote. Nilimwambia mtoto wa kaka yangu hivyo, akanijibu kwa heshima, "Shangazi, mimi sina cha kuogopa. Nimempigia niliyempenda na ninajivunia."

Najua hana cha kuogopa. Ana kazi Nairobi, hadaiwi na mtu unga, hahitaji barua ya chifu. Lakini kura ya siri haikuwekwa kwa ajili yake. Iliwekwa kwa ajili ya anayekopa duka la jamaa wa mjumbe, na inamkinga huyo ikiwa tu sote tumefunika. Siku wenye ujasiri wote watakapoonyesha karatasi zao, asiyeonyesha atakuwa amejulikana tayari. Atakuwa anavuka uwanja peke yake, na chini ya mwembe wamekaa binamu zake wenye simu.

Nimeandika haya kwenye kundi la familia pia, kwa ufupi zaidi, nikaomba kwamba Agosti 2027 pasiwe na picha hata moja ya karatasi humo, na mtu asiulizwe. Kaka yangu ameniunga mkono. Yule binti wa kidole cha wino ameniandikia pembeni ananiuliza habari za yule bibi wa mahamri. Mtoto wa kaka yangu ameusoma ujumbe, alama mbili za buluu zipo, bado hajajibu. Nitampigia simu Jumapili.